Ngeli za Baiskeli Forodhani: Utafiti wa Awali kutoka Makoongwe

Elimu ya baiskeli katika bustani za kihistoria imedumaa kwa sababu imeachwa mikononi mwa watu wenye bustani. Mtu aliyezaliwa Shangani, Unguja, akaipita bustani ya Forodhani akiwa mgongoni mwa mama yake, kisha kwa miguu, kisha kwa baiskeli ya kuazima, hawezi tena kuiona. Ukimuuliza bustani ina njia ngapi, atakujibu bei ya mishkaki. Makoongwe hatuna ugonjwa huo. Kisiwa chetu kimekaa mbele ya Mkoani, Pemba, mwendo mfupi wa mashua, na hakina bustani ya mji kwa kuwa hakina mji. Kwa hiyo hatuna upande wa kupendelea. Mtafiti wa Makoongwe anayeshuka na baiskeli yake bandarini Malindi, Unguja, anaingia uwanjani bila ya chuki, bila ya jamaa wa kumfichia habari, na mara nyingi bila ya chakula cha mchana. Hali zote tatu zinasifiwa na wanasayansi.

Makala haya yanakusudia kuwapanga katika ngeli watu wanaoizuru bustani ile kwa baiskeli. Kazi ya namna hii ina mwalimu wake. Carl Linnaeus wa Uswidi, alipochapisha mpango wake wa viumbe mwaka 1735, aligawa maumbile yote mafungu matatu: madini, mimea na wanyama. Baiskeli haikuwamo kwa kuwa haikuwepo. Lakini hata angeiona, ingemsumbua. Baiskeli ya Pemba iliyotoka shamba alasiri ni chuma, imebeba mzigo wa majani ya ng'ombe unaofagia barabara pande zote mbili, na juu yake kuna mtu anayehema. Imeingia mafungu yote matatu kwa wakati mmoja, na inashuka kilima bila ya breki. Tumeona ni busara kumwacha Linnaeus na mimea yake.

Kwanza mipaka. Uwanja wa utafiti ni bustani yenyewe pamoja na barabara ya Mizingani inayotoka bandarini kuifuata. Njia ni fupi na ni tambarare, jambo ambalo Mpemba yeyote huliona kuwa ni zawadi isiyostahili. Kinachoirefusha ni mambo yaliyopangwa ubavuni mwake. Unautoka mlango wa bandari, unakutana na ile zahanati ya zamani ya Tharia Topan, na roshani zake za mbao zilizochongwa hata unajiuliza mgonjwa alikuwa akipata wapi nafasi ya kuugua. Unafika Mtini, mti uliopandwa mwaka 1911 na ambao mpaka leo mafundi na mabaharia wanagombea kivuli chake. Halafu kasri ya masultani, ambayo sasa ni makumbusho. Halafu Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, na ambayo sehemu yake moja ilianguka siku ya Krismasi mwaka 2020. Halafu Ngome Kongwe ya Waomani. Mkabala wa hizo mbili za mwisho, upande wa bahari, ndipo penye bustani.

Bustani ni mtoto mbele ya majirani hao. Yalikuwapo mabanda ya forodha pale, mpaka shughuli za bandari zilipohamia Malindi katika miaka ya 1920. Mwaka 1936, Sultani Khalifa bin Haroub alipotimiza miaka 25 ya utawala, pakawa na bustani ikaitwa ya Jubilii. Mapinduzi ya 1964 yaliondoa usultani, na jina la Jubilii likaondoka nao. Mwaka 2009 ilifunguliwa tena baada ya matengenezo makubwa yaliyosimamiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ikapata njia mpya, taa, majani na mabenchi. Mabenchi hayo yataonekana baadaye kuwa na umuhimu mkubwa katika nadharia yetu.

Lakini tukio la ukanda huu lililotufaa zaidi ni vita. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Uingereza ziliipiga mizinga kasri iliyokuwa hapo jirani ili kumwondoa Sayyid Khalid bin Barghash katika kiti alichokikalia bila ya ridhaa yao. Vita ile inatajwa kuwa fupi kuliko zote zilizoandikwa. Wapo wanaosema ilichukua dakika 38 na wapo wanaofika 45. Sisi tumechukua 40 kwa urahisi wa hesabu, na tumeifanya kuwa kipimo rasmi cha muda katika utafiti huu. Dakika 40 ni vita moja. Mtu aliyeizunguka bustani kwa nusu ya vita, tunasema amepita. Aliyekaa vita mbili, ameizuru. Wapo, kama tutakavyoona, wanaokaa vita tano na kurudi nyumbani kwa sababu tu ya adhana ya Isha.

Sasa nadharia. Historia ya baiskeli duniani imekwenda mbele. Mwaka 1817 Karl von Drais alitokeza katika mji wa Mannheim, Ujerumani, akiwa juu ya chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, hakina pedali wala mnyororo, anakisukuma kwa kupiga miguu ardhini. Baadaye Wafaransa wakatia pedali kwenye gurudumu la mbele. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, akatoa ile yenye magurudumu yanayolingana na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ambayo kwa umbo ndiyo hii tuliyonayo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akautia upepo mpira, na tangu hapo dunia ikaijua pancha.

Forodhani historia hiyo inakwenda kinyumenyume, na inamalizika kila siku kabla ya chakula cha usiku. Saa kumi alasiri baiskeli inaingia ikiwa kamili, ya Starley na Dunlop, mpandaji ameketi, mnyororo unafanya kazi yake. Saa kumi na moja na nusu meza za chakula zimeanza kutandikwa, makaa yamewashwa, watoto wameachiwa mikono. Mpandaji bado yuko juu ya tandiko lakini ameshusha miguu, anajisogeza kwa vidole kati ya ndoo na mabenchi. Amefika mwaka 1817 bila ya kujua. Magharibi ikishaswaliwa, umati umekuwa mmoja na moshi wa mishkaki. Mpandaji ameteremka, ameshika usukani kwa mkono mmoja na glasi ya juisi ya miwa kwa mkono wa pili. Yuko katika zama ambazo baiskeli haijabuniwa, na anayo mkononi. Tunaita hali hii mageuzi ya kurudi nyuma, na ndiyo inayotuwezesha kupanga ngeli: kila mtu tunampanga kwa mwaka anaoishia.

Ngeli ya juu kabisa kwa mwendo, na ya chini kabisa kwa sifa, ni ya Wapitaji. Hawa hawashuki mwaka 1885 hata kwa dharura. Bustani kwao ni upande mmoja wa barabara. Wana mikate ya asubuhi ndani ya kasha la mbao lililofungwa kwenye karia, au samaki waliotoka Malindi sokoni, au trei za mayai zilizopangwa kwa imani. Watu wa makumbusho hawawahesabu miongoni mwa wazuru, nami naona hapo pamefanyika dhulma. Hakuna anayeijua sura ya ardhi ile kama aliyebeba mayai. Mpitaji anajua wapi lami imeinuka, wapi maji ya mvua yanakaa siku mbili, na mbele ya Beit al-Ajaib ni wapi upepo wa kusi unakukuta ghafla baada ya jengo kukukinga. Mwanahistoria atakuambia mizinga ya shaba iliyopo pale ina karne ngapi. Mpitaji atakuambia kwamba ukifika usawa wake uache kukanyaga pedali, kwa kuwa kuanzia pale baiskeli inakwenda yenyewe mpaka kwenye kona. Hii nayo ni habari ya kihistoria. Askari wa zamani waliokuwa wakiburura mapipa pale waliijua.

Wapitaji hutambulika pia kwa sauti. Kengele wanaipiga kwa paka tu. Kwa binadamu wanatumia mdomo, "Habadari! Habadari!", na inatamkwa ikiwa imeshachelewa, ili aliyeambiwa asipate muda wa kujadili.

Baada yao ni Waliokodi. Hawa ni wageni, kofia ngumu kichwani, chupa ya maji kwenye fremu, na baiskeli yenye gia nyingi katika mji usio na kilima. Kwa vile wanalipa kwa saa, wanatazama kwa saa. Wengi wanaimaliza bustani kwa robo ya vita, wakipiga picha. Ni rahisi kuwacheka, na vijiwe vyote vya Forodhani vimeshafanya hivyo, kwa hiyo sitarudia. Nitasema tu kwamba wao ndio ngeli pekee inayosoma vibao vilivyoandikwa. Niliwahi kumsikia mmoja wao akimsomea kwa sauti dereva wa teksi habari za ngome ambayo dereva huyo ameegesha gari ubavuni mwake miaka yote, na dereva akatikisa kichwa kwa mshangao wa kweli.

Katika ngeli hii, kwa sababu za kinadharia, tumemwingiza pia Bintimfalme Margaret wa Uingereza. Mwaka 1956 alipokuwa akingojewa Unguja, pale ukingoni mwa bustani palijengwa matao meupe ya zege ili apokewe kwa heshima akitoka baharini. Inasimuliwa kwamba siku ilipofika, mgeni aliteremkia kwingine, na matao yakabaki hayakupitwa na aliyejengewa. Hakuwa na baiskeli, tunakiri. Lakini tabia ya kuandaliwa mlango ukaingilia pengine ndiyo alama kuu ya Waliokodi: njia ya baiskeli ipo, imepangwa, imeonyeshwa kwenye karatasi, na yeye unamkuta katikati ya meza ya pweza akiuliza samahani.

Ngeli ya Wasukumaji ni kubwa na ina koo nyingi. Wapo wanaosukuma kwa sababu ya pancha. Hao tunawaondoa, ni wagonjwa, si ngeli. Wapo waliovaa kanzu nyeupe siku ya Ijumaa na hawaiamini cheni. Wapo wanaosukuma kwa kuwa mke anatembea pembeni, na mtoto amekalishwa juu ya tandiko kama gavana. Lakini ukoo ulio na utajiri wa kisayansi ni wa Wasukumaji wa Heshima, na Wapemba wengi tumo humo.

Kanuni yake ni hii: shikamoo inayotolewa kutoka juu ya baiskeli haihesabiki. Aliyelelewa vizuri humteremkia mtu mzima, na akishateremka hawezi kupanda papo hapo, maana itaonekana kwamba salamu ilikuwa ni kikwazo barabarani. Lazima asukume kidogo. Forodhani kuna mabenchi, na kila benchi lina mzee. Kwa hesabu rahisi, kijana mwenye adabu akiingia upande wa Ngome hatapanda tena mpaka atokee upande wa Mizingani, hata bustani ikiwa tupu. Hapa nadharia yetu ya mageuzi inapata mtihani, kwa kuwa baiskeli inarudi zama za kale saa nne asubuhi, bila ya umati wowote. Tumeihifadhi nadharia kwa kuongeza kanuni: wazee watatu ni sawa na umati mmoja.

Mtihani wenyewe unakwenda namna hii.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Wa Pemba, babu."

"Pemba kubwa. Pemba wapi?"

"Makoongwe."

"Makoongwe hiyo ya Mkoani? Mtoto wa nani?"

Ukifika swali hili, baiskeli imeshaegeshwa. Utamtaja baba, utaulizwa babu, utaulizwa upande wa mama, na kabla ya swali la tano utakuwa umeshapatikana ujamaa, ama wa damu, ama wa chuo cha Kurani, ama wa mtu aliyewahi kununua ng'ombe kwa ami yako asimalize kulipa. Muda: vita moja na zaidi. Katika muda huo kijana hajasogea hata hatua moja, na amepata historia ya bustani ambayo hakuna kibao kinachoitaja. Anaonyeshwa jukwaa la katikati ambapo bendi ya Sultani ilikuwa ikiwapigia watu muziki. Anaambiwa wapi wakubwa walikuwa wakikaa na wapi watoto wa skuli walikuwa wakisimama. Anaambiwa nani alivaa nini. Kisha anaulizwa kama hiyo baskeli ni yake au ya kuazima.

Kutoka hapo tunaingia kwa Waegemezi, na nitakaa kwao, kwa sababu wao ndio wanaoizuru bustani hasa.

Mwegemezi ni mtu mzima aliyekuja na baiskeli asiyokusudia kuipanda mpaka wakati wa kurudi. Baiskeli yake ni ya kikale: Raleigh, Humber, au Phoenix ya Kichina, nyeusi, madigadi ya chuma, dainamo iliyokufa zamani na haiondolewi, na stendi ya miguu miwili inayoliinua gurudumu la nyuma kutoka ardhini. Stendi hii ni uvumbuzi ambao vitabu vya Ulaya havijautendea haki. Ikishatiwa, baiskeli si chombo cha safari tena. Karia inakuwa meza ya kikombe cha kahawa. Usukani unatundikwa kofia, mfuko wa mkate, na mwavuli. Bomba la juu linaegemewa na kiwiko. Mwenyewe akikaa kwenye karia akielekea nyuma, mgongo unapata tandiko la kuegemea. Nimemwona mzee akizungusha pedali kwa mkono polepole wakati wa mazungumzo, gurudumu linakwenda hewani, na kila akitaka kutilia mkazo hoja yake anafunga breki.

Ndani ya ngeli hii ndipo palipofanyika mjadala wa kitaaluma unaostahili kuandikwa. Ulihusu swali la lini kitu kinakoma kuwa kile kile. Mzee mmoja alidai baiskeli yake ni ya tangu enzi ya ujana wake. Mwenzake, fundi mstaafu, akaanza kuihesabu: magurudumu yamebadilishwa, spoki zote mpya, usukani umetoka kwenye baskeli ya marehemu fulani, tandiko ni la mtumba, mnyororo wa juzi.

"Yakhe, sasa chako hapo nini?"

"Fremu."

"Fremu umeichomelea mara ngapi?"

"Imechomelewa, haikubadilishwa."

Mwenye baiskeli akageuka, akaielekeza mkono Ngome Kongwe. Ile, akasema, Waomani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno. Ikawa ngome. Ikawa jela. Ilipojengwa reli ya kwenda Bububu, gari moshi lililoanza safari zake mwaka 1905, ikatumiwa kwa shughuli za reli. Baadaye kina mama wakachezea tenisi ndani. Leo wanapiga muziki wa tamasha na kuuza vinyago. Kila kitu ndani kimetoka na kuingia kingine, kilichobaki ni kuta. "Mbona hiyo hamuiambii si ngome? Mie baskeli yangu nayo ina kuta."

Hoja hii ina nguvu kuliko inavyoonekana. Tukiichukua kwa uzito, majengo yote ya ukanda ule yanaweza kupangwa kwa utaratibu wa fundi baiskeli. Ngome ni fremu ya asili iliyobadilishwa vipuri. Bustani ni vipuri vipya mahali pa zamani: fremu yake ya forodha iliondolewa kabisa, ikabaki anwani. Beit al-Ajaib ndiyo iliyouduwaza mkutano ule. Kila mmoja aliitazama, na fundi akasema fremu ikipasuka, unaweza kuichomelea, lakini lazima kwanza uvue kila kitu, na ukishavua ndiyo unajua kilichokuwa kimeoza. Hakuna aliyembishia. Mtafiti aliyenunua kahawa ya wote hakupata ushahidi mwingine siku hiyo, maana mazungumzo yaliingia kwenye bei ya karafuu na hayakutoka.

Waegemezi hawaendi kuiangalia historia. Wanakaa, inawajia kwa zamu: meli ya mchana, mgeni aliyepotea, maiti anayepitishwa na watu wanaoinuka kumsindikiza hatua saba, mjukuu wa mtu aliyekuwa mtu. Kwa kipimo cha nadharia yetu, mwaka wanaoishia hauwezi kutajwa. Wametoka nje ya kalenda ya Drais.

Ngeli ya Makachu ni fupi kwa maelezo. Hawa ni vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani jioni, kwa mbinja, kwa kupinduka hewani, mbele ya umati unaopiga makelele. Baiskeli zao zimelazwa chini hazina stendi, moja juu ya nyingine, na ukitaka kuondoa moja inabidi uzijue zote. Ndiyo ngeli pekee ambapo tumeandika kwa wakati mmoja baiskeli isiyo na mpandaji na mpandaji asiye na ardhi.

Utafiti wowote unahitaji kundi la kulinganishia, na letu lilitakiwa liwe Pemba. Tulichagua Pujini, upande wa mashariki wa kisiwa, jirani na Chake Chake, kwenye magofu ya mfalme Mkama Ndume. Kwa ukongwe yanaishinda Forodhani kwa karne nyingi. Wataalamu wa mambo ya kale wanayapeleka mpaka karne ya 15. Kuna mabaki ya ngome, kuna chumba cha chini ya ardhi, kuna kisima ambacho, kwa masimulizi, kiligawanywa kwa ukuta ili wake wawili wa mfalme wateke maji bila ya kuonana. Kwa upande wa historia mtu hana la kulalamika.

Kwa upande wa baiskeli lipo. Kutoka Mkoani mpaka kule ni vilima mfululizo, na Mpemba anayevipanda hana haja ya nadharia ya kurudi nyuma, anaifanya kwa mapaja: anaanza ameketi, anasimama juu ya pedali, anateremka, anasukuma. Anafika Pujini amechoka, na pale hakuna benchi. Hakuna miwa. Hakuna mzee wa kumuuliza mtoto wa nani. Anaegesha baiskeli kwenye mti, anatazama mawe, mawe yanamtazama, baada ya nusu ya vita anaondoka. Matokeo haya yanaonyesha kwamba kinachomweka mwendesha baiskeli katika mahali pa kihistoria ni mahali pa kukaa pamoja na kitu cha kunywa, na kwamba umri wa mawe unachangia kidogo sana.

Hata hivyo Pujini ilitupatia jambo moja kubwa la kinadharia. Masimulizi yanasema Mkama Ndume alikuwa mkatili hata akawalazimisha watu wake wabebe mawe ya ujenzi kichwani huku wakienda kwa kuburura makalio chini. Huo, kwa ufahamu wetu, ndio usafiri wa mizigo wa nyuma kabisa uliowahi kurekodiwa katika pwani hii, na unaipa kalenda yetu mwanzo wake. Mpitaji aliyebeba mayai yuko kileleni. Mtu wa Mkama Ndume yuko chini kabisa. Kati yao yumo kila anayejaribu kuipita Forodhani saa mbili usiku na baiskeli, ndoo ya urojo ikiwa mbele na kitoto cha mwenzake kikiwa kimemkanyaga.

Imebaki baiskeli ambayo haikuingia ngeli yoyote, nayo ni ya mtafiti. Iliporudi Mkoani na kungojea kuvuka kwenda Makoongwe, nahodha wa mashua aliikataa kwa bei ya mzigo. Mzigo, alisema, unaweza kupangiwa mwingine juu yake. Hii ukiipangia kitu inaanguka, kwa hiyo ni abiria. Nikamjibu kwamba abiria anakaa. Akaniambia wapo abiria wake wengi wasiokaa. Safari ikaanza suala halijakatwa. Bibi mmoja alishika usukani ili isimwangukie, mwingine akafunga kuku wake wawili kwenye karia, na kufika katikati ya mlango, kwa ushahidi wa macho, baiskeli ilikuwa ni zizi.

Tulikuta maji yametoka. Mashua haikuweza kusogea mpaka ufukweni, watu wakapandisha nguo wakateremka majini na viatu mkononi. Chumvi ni adui wa cheni, hilo linajulikana. Nikaibeba baiskeli begani, magurudumu juu ya maji, kuku wangali wamefungwa nyuma na mwenyewe ananihimiza nisiwatikise. Kwa mujibu wa kanuni zetu hali hii inahitaji ngeli mpya, ambayo tumeipa jina la Wapandwao, na mwanachama wake wa kwanza alifika nchi kavu akiwa amelowa mpaka kiunoni. Nahodha alitazama, akafikiri, akatoza nauli nusu kwa mmoja wetu. Hakusema ni kwa nani.